Chuma Ulete Kwenye Bomba la Nusu Inchi

Uani kwa mwalimu mmoja mstaafu, Kizwite, manispaa ya Sumbawanga. Ni Julai, saa nane usiku. Baridi ya Ufipa inapenya mpaka kwenye mifupa na upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi. Mvua zilikatika zamani na majani ya mji mzima yamekauka, isipokuwa uani hapa, penye tope na ukijani wa mwezi wa Februari. Watu wamelala. Wanaozungumza ni MITA ya maji, aliye ndani ya kijisanduku chake cha zege karibu na geti, BATA, USINGA wa mtaalamu aliyeitwa juzi na ambaye kazi yake itaendelea kesho, na FUKO, atakayechelewa. BOMBA yumo ardhini.

BATA: Kaka Mita, hujalala?

MITA: Nilale vipi? Koki ya jikoni imefungwa, ya bafuni imefungwa, ya uani imefungwa, mwenye nyumba anakoroma, na mimi bado nazunguka. Kile kipembe changu chekundu hakijasimama tangu mwisho wa Aprili, labda maji yakatike. Kila nikizungushwa naandika, na kila nikiandika natukanwa.

BATA: Kufa kufaana, kaka. Umeliona ziwa langu?

MITA: Naona tope.

BATA: Unaona Ziwa Kizwite. Ziwa Rukwa liko kule bondeni, lina mamba, lina viboko, maji yake ya magadi, na kulifikia lazima ushuke Lyamba lya Mfipa mpaka magoti yacheze. La kwangu liko hatua kumi kutoka jikoni. Nimeshaliundia na mamlaka ya bonde. Mwenyekiti mimi, katibu mimi, mhasibu mimi. Mjumbe wa kuwakilisha wanawake ni mke wangu. Kuku akija kunywa analipa tozo. Njiwa lazima aje na barua ya serikali ya mtaa. Wiki ijayo tuna uzinduzi, mgeni rasmi ni bata mzinga kutoka Chanji. Posho ya kikao konokono wawili, na konokono mmoja wa nauli.

MITA: Nauli ya nini, naye anakuja kwa miguu?

BATA: Nauli haiangalii miguu. Baada ya uzinduzi kuna semina elekezi ya siku tatu juu ya matumizi endelevu ya tope. Baada ya semina kuna ziara ya mafunzo, tunakwenda kuona matope ya wenzetu wa Majengo wamefikia wapi. Baada ya ziara tunaandika ripoti. Baada ya ripoti...

MITA: Basi, bwana.

BATA: Baada ya ripoti kuna kikao cha kupitia ripoti. Konokono wawili.

USINGA: Nani hao wanapiga soga wazee wamepumzika?

BATA: Shikamoo, mtaalamu.

USINGA: Marahaba. Nyamazeni. Kesho nina kazi nzito, nakwenda kuufunga mkono wa mtu anayenyonya maji ya nyumba hii.

MITA: Mtu gani?

USINGA: Sisi hatutaji majina. Tunasema tu kwamba ni mwanamke, mjane, mwembamba, anakaa upande wa chini, na ana bustani ya chainizi iliyo mbichi katikati ya Julai.

BATA: Yaani mmetaja kila kitu ukiacha jina.

USINGA: Jina wanalimalizia wenyewe. Ndivyo kazi yetu inavyofanyika.

MITA: Na ushahidi wako ni chainizi?

USINGA: Ushahidi wangu unao wewe mwenyewe, chuma usiye na haya. Nyumba hii ilikuwa inaletewa ankara ya uniti 9. Mei zikaja 53. Juni zikaja 52. Watu ni walewale, masufuria ni yaleyale, na bustani mwenye nyumba hana. Zilizozidi zimekwenda wapi? Ni chuma ulete. Muuza duka anahesabu hela jioni, anakuta pungufu, na hakuna aliyegusa droo. Sasa wamehamia kwenye maji.

MITA: Tuhesabu, basi. Toa 9 kwenye 52, unabaki na 43. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Uniti 43 kwa siku 30 ni lita 1,433 kwa siku. Siku ina dakika 1,440. Gawanya. Unapata lita moja kila dakika, usiku na mchana, wiki nzima, hata Jumapili watu wakiwa misani. Ndoo 71 kwa siku, moja baada ya nyingine, bila kuongeza wala kupunguza. Sasa niambie, mwizi gani anaiba kwa utaratibu huo? Mwizi hupumzika. Mchawi naye nasikia ana siku zake. Asiyekwenda likizo ni tundu.

USINGA: Tundu! Walishalitafuta hilo tundu. Jumamosi walichimba pale kwenye tope, kiunoni kwa bata huyu...

BATA: Walivunja makao makuu ya mamlaka.

USINGA: ...wakalikuta bomba zima, halina hata mkwaruzo. Maji yapo, tundu halipo. Wewe unaliitaje jambo hilo?

MITA: Naliita mteremko. Ukichimba mtaro wa bomba na kuufukia, udongo wa ndani ya mtaro unabaki laini kuliko wa pembeni kwa miaka mingi. Maji yakivuja hayana haja ya kupanda moja kwa moja juani. Yanafuata mtaro, kando ya bomba lenyewe, yanashuka mpaka yakute mahali pagumu au udongo mwembamba, ndipo yanajitokeza. Tope liko hapa, tundu liko juu kule. Na yasiyojitokeza kwa bata yanaendelea kushuka chinichini, yanapita chini ya ukuta, yanaingia upande wa chini. Upande wa chini kuna nini?

BATA: Kuna chainizi.

MITA: Kuna chainizi! Yule mama bustani yake ndiyo ramani ya bomba hili. Mtu mwenye akili angekwenda kwake na kiti, akae, amuulize: mama, mboga zako zilianza kunawiri lini? Angejibiwa mwisho wa Aprili. Angemuuliza: sehemu gani inalowa zaidi? Angeoneshwa kwa kidole. Kwa vikombe viwili vya chai angejua nusu ya mambo. Badala yake mmemfanya mchawi kwa kosa la kuotesha mboga.

USINGA: Wewe unatudharau kwa sababu sisi ni wa kienyeji. Sisi tumo hata kwenye maandishi ya wasomi. Roy Willis, Mwingereza, mwaka 1968 aliandika juu ya Kamchape wa Ufipa hapahapa, waliopita vijiji kwa vijiji wakitafuta wachawi.

MITA: Aliandika. Daktari naye anaandika juu ya kipindupindu, wala hajakisifu.

USINGA: Na hao Waingereza wenyewe je? Mwaka 2017 kampuni 10 kati ya 12 za maji za Uingereza zilikiri kwamba baadhi ya mafundi wao hutembea barabarani na vijiti viwili mkononi, vijiti vikipishana wanasema bomba liko hapa. Uingereza! Wenye reli ya chini ya ardhi! Wao wakishika kijiti ni fundi, mimi nikishikwa ni ushirikina?

BATA: Hapo kaka Mita umebanwa.

MITA: Sijabanwa. Ni kweli walikiri, na walichekwa na nchi yao wenyewe. Lakini nao walikwishapimwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kule Munich, Ujerumani, walichaguliwa mabingwa 43 wa vijiti kati ya takribani 500 waliojaribiwa. Waliwekwa ghorofani kwenye ghala, na chini yao bomba la maji likawa linahamishwa huku na huku. Kila mmoja aseme liko wapi. Majaribio 843. Waliosimamia walidai kuna wachache wenye kipaji. Mwanasayansi mwingine alipozipitia hesabu zilezile, akaona mabingwa hawajapita mtu anayebahatisha akiwa amefumba macho. Tena elewa tofauti. Mwingereza mwenye kijiti akikosea, amechimba barabara bure, anafukia. Wewe ukikosea, kuna mama hatasalimiwa kisimani, hatauziwa sukari, na akifika uzee macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, Mungu amsaidie. Ndiyo maana Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, tunayo tangu mwaka 1928, na kumsingizia mtu uchawi ovyo ni kosa la jinai. Sheria ina umri wa karibu miaka mia. Usinga bado una wateja.

USINGA: Wateja tunao kwa sababu wewe ni mwongo. Nani asiyejua kwamba mita zinazungushwa na hewa?

MITA: Hilo sikatai. Maji yakikatika kwa mgao kisha yakarudi, hewa iliyojaa bombani inapita kwangu kwanza, inanisukuma, na mimi naandika upepo. Lakini huo ni muda mfupi tu maji yanaporudi. Leo yametoka tangu mchana, presha imetulia, ni saa nane usiku, na bado nazunguka. Na anayeniona mwongo kipimo changu ni rahisi: soma tarakimu zangu, jaza ndoo ya lita 20 mara tano, rudi usome. Nikiandika lita 100 mimi ni mkweli. Nikiandika 130, nipelekeni kwa walionifunga wanibadilishe. Wapo pia wasoma mita wa kukadiria, wanaojaza daftari wakiwa kijiweni. Nalisema bila woga. Ila msoma mita hawezi kukadiria tope.

BATA: Mimi nashangaa jambo moja. Mwenye nyumba ni mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini.

MITA: Ndilo linalonikera kuliko yote. Angekuja hapa na tochi. Anafunga koki zote, anahakikisha boya la tangi limekaza, maana tangi linalojijaza usiku linadanganya hata mwenye shahada, halafu ananifunulia mfuniko na kuniangalia dakika kumi. Kipembe kikisimama, aende akalale. Kikizunguka, anakwenda kwenye ile koki ya kufungia iliyo ukutani, bomba linapoingia ndani ya nyumba, anaifunga. Akirudi akinikuta nimesimama, tundu liko ndani: labda choo cha kuvuta kinavujia bakuli kimyakimya. Akinikuta bado nazunguka, tundu liko uani, kati yangu na ukuta. Mita kumi na nane za ardhi. Gharama yake ni betri za tochi. Lakini hapana! Mtaalamu amekuja kwa laki mbili, jogoo mwekundu, na kitambaa cheusi ambacho mke wa mwalimu alizunguka soko zima kukitafuta.

USINGA: Cheusi lazima kiwe cheusi.

MITA: Fundi bomba aliomba elfu thelathini, akaambiwa ni ghali.

FUKO: Hodi hapo.

BATA: Karibu babu. Shikamoo.

FUKO: Marahaba, mjukuu. Nimesikia mnataja tundu. Mimi lilinihamisha nyumba. Nilikuwa na chumba changu kizuri karibu na geti, na ghala la viazi, usiku mmoja nikaamka ninaelea. Mimi macho yangu si ya kujivunia, lakini masikio ninayo. Bomba linapiga msonyo kule chini, mfululizo, tena usiku ndipo linapaza sauti.

MITA: Kwa sababu usiku watu hawachoti, presha inapanda. Ndiyo maana wanaojua kazi hii hutafuta usiku. Tokyo wana mafundi wanaotembea mitaa yote watu wakiwa wamelala, wameweka chuma cha kusikilizia sikioni, na uvujaji wa jiji lile ni takribani asilimia 3. Hapa mtu angechukua kipande cha nondo, ncha moja ardhini, nyingine mfupani nyuma ya sikio, akasogea hatua kwa hatua kuanzia kwangu. Bomba la plastiki linameza sauti kuliko la chuma, kwa hiyo hatua ziwe fupi. Babu, wapi hasa?

FUKO: Hatua nne kutoka geti. Pale magurudumu yanapopita.

BOMBA: Ni lori la matofali.

BATA: Nani kasema?

BOMBA: Mimi, huku chini. Aprili mwenye nyumba aliamua kujenga vyumba vya kupangisha nyuma. Matofali ya kuchoma yakaja kwa lori, likapita juu ya kiungio changu. Fundi aliyenilaza alitaka futi mbili na nusu kwenda chini. Mwalimu akasema anachimba kaburi au analaza bomba? Nikalazwa shubiri moja na nusu. Kiungio kilipopungua, wakanifunga na raba ya tairi la baiskeli. Lori lilipopita, raba ikaachia. Sijaona mchawi yeyote. Nimeona tairi.

USINGA: Na aliyelituma lile lori ni nani?

BATA: Mwalimu!

USINGA: Aliyemtuma mwalimu ni nani?

MITA: Mnaona? Huyu hana mwisho. Kila ukimpa sababu, anadai mwenye sababu. Lazima pawe na mtu. Tundu halitoshi, kwa sababu tundu huwezi kulinunia, huwezi kulisema kwenye kikao cha mtaa, huwezi kuliombea likome. Na zaidi, tundu linarudi kwako: uliona uchungu wa kuchimba futi moja zaidi. Mchawi ni bei nafuu kwa moyo, ndiyo maana mnamlipia laki mbili bila kukunja uso.

BATA: Kaka, umeanza kuhubiri.

MITA: Nitahubiri, sina kazi nyingine, nimezungushwa miezi mitatu! Na wala simsemi mwalimu peke yake. Kuna watu wa mji huu wanadai maji ya Ziwa Tanganyika yaletwe Sumbawanga. Dai zuri. Ziwa lile lina takribani asilimia 17 ya maji matamu ya juu ya ardhi duniani. Lakini uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya 1,700. Yatapandishwa karibu kilomita nzima kwenda juu, kwa umeme unaolipiwa, yachujwe, yatiwe klorini inayolipiwa, yavuke milima yafike Kizwite, yaje kuanzisha mamlaka ya bonde ya bata! EWURA wanaona upotevu wa asilimia 20 ndio wa kuvumiliwa, na mamlaka nyingi nchini zimeupita. Katika kila ndoo tano wanavumilia moja imwagike, na hata hapo hatufiki. Zile zinazomwagika barabarani, kabla ya kunifikia mimi, wakubwa wanazifanyia semina...

BATA: Konokono wawili.

MITA: ...na zile za baada yangu mnazifanyia ramli. Hakuna anayeshika jembe.

BATA: Mimi naona mnalikuza jambo. Maji yanamwagika, mimi naogelea, mama wa chini anakula mboga. Nani kaumia?

MITA: Siku ya mgao bomba linabaki tupu. Tundu lililokuwa likitema linaanza kunyonya. Linanyonya nini? Kilicho karibu nalo. Wiki iliyopita maji yalikatika siku mbili. Yaliporudi, yalikwenda jikoni na tope la mtaro.

BATA: Unasema wanakunywa ziwa langu?

MITA: Wanakunywa ziwa lako na yote unayoyafanya ndani yake.

BATA: ...Mke wa mwalimu alikuwa analalamika tumbo.

USINGA: Tuliliona hilo. Tulisema ni yule mama wa chini.

FUKO: Mimi narudi kwangu. Kwenye mji huu ukiwa chini ya ardhi unasikia mengi yasiyofaa.

MITA: Babu, wewe huwezi kuwaambia?

FUKO: Wakiniona wananitega.

MITA: Basi nasema mwenyewe, na asikie anayesikia, wa Kizwite na wa Izia, wa Mazwi na wa Katandala. Wakati wa kutafuta ni huu. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ardhi ya Ufipa ni kavu, tope lolote lina maelezo. Ikija mvua ya Novemba kila uwanja utakuwa tope na hamtaona kitu mpaka mwakani. Fungeni koki usiku, mje na tochi. Mkichimba, msianze penye tope, anzeni upande wa juu, na jembe likikaribia bomba mliweke chini mtumie mikono, maana nimeshaona mtu akitafuta tundu moja akapata matatu. Kiungio cha dukani ni hela ndogo. Raba ya baiskeli iacheni kwenye baiskeli. Na yule mama mwombeni radhi, tena hadharani, kwenye kikao kilekile mlichomsemea, kwa sauti ileile.

BATA: Jogoo mwekundu anawika.

USINGA: Huyo anawika mara ya mwisho.

Asubuhi saa mbili mtaalamu alifika, akauchukua usinga wake, akauzungusha juu ya kila koki na mara saba juu ya mita, bila kufunua mfuniko. Jogoo alichinjwa. Kitambaa cheusi kilizikwa hatua nne kutoka geti, kwenye shimo la kina cha vidole vitatu, na mwalimu alishangaa udongo wa pale ulivyo laini kuchimbika. Mama wa upande wa chini aliitwa ofisi ya mtaa akaombwa, kwa ajili ya amani, ang'oe chainizi yake. Aling'oa. Ankara ya Julai imeingia kwenye simu ya mwalimu pamoja na kontro namba yake: uniti 53, zote za kulipwa na yeye, kwa kuwa bomba lililo baada ya mita ni mali ya mwenye nyumba.